Baba Mdogo na Sikinde chumba cha uani

*Kikundi: FAMILIA YA BIBI MWANNE*
*Jumamosi*

Rehema: Shikamooni wakubwa. Kuna anayejua Baba Mdogo yuko wapi? Nampigia tangu adhuhuri hapokei.

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Yupo, kajifungia chumba cha uani na dramu. Hata mimi nagonga mlango hasikii.

Rehema: Dramu ya maji?

Mama Mdogo: Dramu za muziki mama. Zimeingia Jumanne kwa guta.

Shangazi Zuhura: Allah! Idi kanunua dramu kweli? Miaka yote ile alikuwa anasema tu.

Baba Mdogo Idi: Nimetoka sasa hivi. Marahaba Rehema, nilikuwa nimevaa hedifoni. Dada Zuhura shikamoo. Ndiyo, nimenunua. Nilikuwa napiga na nyimbo za Sikinde, ile bendi ya Mlimani Park, tangu saa nane mchana.

Hamisi (Dodoma): Shikamoo Baba Mdogo! Seti mpya?

Baba Mdogo Idi: Marahaba Hamisi. Si mpya. Kuna kanisa huku kwetu limenunua nyingine, hii wakaiuza. Ngozi ya snea, ile ngoma ndogo ya mkono, ilikuwa imechoka, nimebadilisha. Pedali ya kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, ilikatika kiungo, nikaichomelea mwenyewe, si ndiyo kazi yangu. Ukutani nimebandika trei za mayai na godoro la zamani, simbali nimezifunga vipande vya kanga. Majirani niliwaendea mmoja mmoja kabla sijapiga hata pigo moja. Tumekubaliana mwisho saa kumi na mbili jioni.

Mama Mdogo: Kanga zenyewe zangu, ila nimeridhia 😄

Shangazi Zuhura: Huyu tangu mdogo. Kipindi cha salamu kikianza redioni, masufuria ya mama yote yako chini. Akisikia sauti ya Bichuka, yule mwimbaji wa Sikinde, ndiyo basi tena, mpaka mwiko unavunjika.

Baba Mdogo Idi: Rehema, kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 9. Ndiyo mwaka ambao Mlimani Park iliingia chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Baba yako, Mungu amrehemu, alinichukua Kariakoo jioni tukasimama nje ya ukumbi wa DDC. Ndani hatuna ruhusa, hela hatuna. Ukuta ulikuwa unakula magitaa na sauti za waimbaji, lakini besi na kiki ya dramu vilikuwa vinapita vyote. Mimi Sikinde niliijua kwa kifua kabla sijaijua kwa masikio. Halafu kaka akaninyanyua mabegani. Juu kulikuwa na uwazi. Nikaona mkono wa kushoto wa mpiga dramu. Mkono tu! Anagusa pembeni mwa snea, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nilidhani ngoma inapigwa kwa nguvu. Kumbe yule alikuwa anabembeleza.

Rehema: Baba hakuwahi kuniambia hilo 😢

Baba Mdogo Idi: Alikuwa na miaka 17. Alinishikilia hapo juu mpaka mabega yakamshinda. Na leo mkono wangu wa kushoto ninaupeleka hivyo hivyo. Nikikaa kwenye kile kigoda, nauona ule.

Hamisi (Dodoma): Baba Mdogo, kuna programu ya simu ya kuhesabu mapigo, inakupigia tik-tik unaifuata. Vijana wote wa hapa wanajifunzia hiyo. Nikutumie?

Baba Mdogo Idi: Nitumie mwanangu, nitaitumia asubuhi kunyoosha mikono. Lakini jioni ni Sikinde. Ngoja nikueleze kwa nini. Hizi nyimbo zilirekodiwa studio za Redio Tanzania. Bendi nzima inapiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, matarumbeta, tumba, wote. Hakuna kurekodi leo dramu kesho solo. Mtu akikosea, wote wanaanza upya. Na hakukuwa na mashine ya kuwahesabia. Kwa hiyo mwendo wa wimbo unapumua. Waimbaji wakishika ubeti, bendi inatulia kidogo. Matarumbeta yakiingia, inajivuta mbele kidogo, kidogo sana, wala huwezi kuiona kwa saa. Ukihesabu moja mbili tatu nne kichwani wanakuacha. Inabidi umsikilize mpiga besi. Nilikaa siku tatu nawakosa palepale, matarumbeta yanapoingia. Siku ya nne nikaacha kuhesabu, nikaliandama besi. Tukafika wote.

Baba Mdogo Idi: Sijui niwaambie vipi. Nilicheka peke yangu mule ndani.

Mama Mdogo: Nilikusikia. Nikadhani una mgeni.

Mzee Salehe: Assalaam alaykum. Shemeji, hongera kwa dramu. Ila ungeanza na Msondo ungejua zamani. Baba ya muziki!

Shangazi Zuhura: Haya, mume wangu kaamka.

Baba Mdogo Idi: Waalaykum salaam shemeji. Nilijua utafika tu.

Mzee Salehe: Nasema kweli. NUTA Jazz, ndiyo hii Msondo, imeanza 1964, Mlimani Park 1978. Waimbaji Gurumo na Bichuka wametoka kwetu, wakati huo tukiitwa Juwata, kuja kuwajengea nyumba nyinyi.

Baba Mdogo Idi: Hilo sikatai. Na Abel Balthazar akatoka Dar International, na King Michael Enoch akatoka Dar Jazz. Ndiyo uzuri wenyewe: walikusanyika watu ambao kila mmoja alishaiva kwake.

Mzee Salehe: Na Gurumo akarudi kwetu, akamalizia Msondo. Tumemzika 2014 akiwa mtu wetu.

Baba Mdogo Idi: Tumemzika wote shemeji. Siku ile wa Sikinde na wa Msondo tulilia pamoja.

Mzee Salehe: Hapo umenena. Mungu amweke pema.

Shangazi Zuhura: Amina. Idi, sasa unapiga wimbo gani hasa? Maana umesema Sikinde, Sikinde, hutuambii.

Baba Mdogo Idi: Wiki hii yote ni Neema tu, ule wa Cosmas Chidumule.

Shangazi Zuhura: Weeeee 🙌🏾 Neema! Usinikumbushe.

Hamisi (Dodoma): Chidumule huyu wa nyimbo za injili?

Shangazi Zuhura: Huyo huyo mwanangu. Kabla hajaokoka alikuwa Sikinde, na sauti ni ile ile.

Baba Mdogo Idi: Sehemu ya kuimba, mpiga dramu hana mambo mengi. Nilipokuwa kijana kwenye bendi yetu ya mtaani nilikuwa naona hapo ni pa kusubiri tu, najaza madoido ili watu wajue nipo. Sasa nina miaka 51 ndiyo nimeelewa. Mwenye kazi pale ni tumba, na mwimbaji anahitaji nafasi ya kutoa maneno. Wewe unamtandikia mkeka. Haihati, zile simbali mbili za kufunga na kufungua kwa mguu, laini, kiki moja moja. Nimejaribu kuweka madoido yangu ya zamani, nikajirekodi kwa simu nikasikiliza: nimemkanyaga mwimbaji. Nikayatoa moja baada ya jingine. Kila nililotoa, wimbo ukazidi kuwa mtamu. Jana nilipiga ubeti mzima bila kuongeza hata pigo moja, nikasikia gita la rithimu ambalo miaka yote hii sikuwahi kulisikia. Lilikuwepo!

Baba Mdogo Idi: Halafu ndiyo linakuja chemko.

Mzee Salehe: Eeeh! Hapo sasa.

Rehema: Chemko ni nini?

Shangazi Zuhura: Jamani watoto wa siku hizi. Wimbo wa dansi una sehemu mbili Rehema. Kwanza unaimbwa taratibu, watu wameshikana, ujumbe unasikika. Halafu muziki unachangamka, magitaa yanajibizana, waimbaji wanaitikia pamoja, hapo kila mtu anamwachia mwenzake acheze. Hilo ndilo chemko. Maji yamechemka.

Baba Mdogo Idi: Na wa kuongeza moto ni mpiga dramu. Umekaa kwa adabu muda wote ule, mkono unawasha, halafu unaona kabisa panakuja. Unavuta pumzi. Unapiga snea kwa kuizungusha, unafungua haihati, na magitaa matatu yote yanakudondokea kwa pamoja. Solo huku, solo la pili huku, rithimu katikati. Mimi wale watu hawanijui. Wengi wametangulia mbele ya haki. Lakini pale, kwa zile dakika, nimo.

Mama Mdogo: Shati akitoka huko ni la kukamua. Na anakula! Nilikuwa nalalamika hali chakula cha usiku, sasa anaomba ugali mwingine.

Baba Mdogo Idi: 🎤 *Voisi (6:48)*

Baba Mdogo Idi: Hiyo ni ya leo. Nimeweka simu juu ya kabati. Wimbo unatoka spika ndogo na mimi napiga. Msikilize mwisho kuliko mwanzo.

Hamisi (Dodoma): Nimesikiliza yote. Baba Mdogo, pale mwanzoni nilidhani hupigi kabisa!

Baba Mdogo Idi: Hujanipa sifa kubwa kuliko hiyo tangu uzaliwe.

Shangazi Zuhura: Mimi nimesimama jikoni nacheza na mwiko. Salehe naye kainuka, mtu wa Msondo huyo.

Mzee Salehe: Muziki mzuri ni mzuri. Shemeji, Jumapili nakuja. Nina manyanga yangu bado, yako juu ya dari.

Baba Mdogo Idi: Yalete! Manyanga ndiyo yanakosekana.

Rehema: Nimeisikiliza nikiwa kwenye daladala. Nimelia mbele za watu. Baba angefurahi sana.

Baba Mdogo Idi: Chemko linapoingia, mwanangu, ule mkono wa kushoto ni wa siku ile. Nampigia yeye.

Rehema: Nimefika kwa Bibi sasa. Nimemwekea sikioni. Ngojeni.

Rehema: Bibi anauliza huyo ni Bichuka?

Baba Mdogo Idi: Mwambie ni Chidumule, mama. Shikamoo mama.

Rehema: Anasema marahaba. Anasema nimrudishie pale mwishoni panapochangamka. Na anasema Jumapili aje kuchukuliwa mapema, ila masufuria yake yasiguswe.