Uyoga barazani kwa Mama

*Kikundi: WANA WA ISEVYA, TABORA*

*Da Zuhura, 1:40 asubuhi:* Asalaam aleykum. Picha hizo nimepiga sasa hivi barazani kwa Mama. Kaktasi zake zimeota uyoga wa njano! Na Jumapili wageni wa posa wanakuja. Mnasemaje?

*Da Zuhura, 3:15:* Naona tiki za bluu tu.

*Hamisi:* Unga karanga dada, hiyo mboga 😂

*Rama:* 🤣🤣

*Da Zuhura:* Sitanii. Nimemkuta Shufaa kashika mmoja, anataka kupikia kwenye vifuu vyake.

*Mwanaidi:* Mnawisheni mikono. Huo hauli kaktasi, unakula samadi na majani yaliyooza humo. Wa njano hivyo mara nyingi ni Leucocoprinus birnbaumii, unapenda sana mimea ya vyunguni. Ila MSILE, unavuruga tumbo. Mkiung'oa utaota tena, nyuzi zake zimo kwenye udongo. Tatizo ni maji. Yale makopo ya rangi yana tundu chini?

*Da Zuhura:* Nimeinua moja. Hata la sindano hamna! Udongo unanata kama ugali wa muhogo.

*Mwanaidi:* Basi mizizi itaoza. Zitolewe, mizizi ikauke siku chache, zipandwe kwenye mchanga mwingi na kokoto. Halafu hakuna kumwagilia mpaka udongo ukauke kabisa.

*Da Zuhura:* Jumamosi saa 2 wote kwa Mama. Hamisi nyundo na msumari. Salum mchanga na kokoto. Zilizolegea tunatupa. Vyungu vipya kila mtu 5,000.

*Salum:* Kokoto tena mimi?

*Da Zuhura:* Si ndiye uliyepewa hela ya kokoto?

*Salum:* Tumefika. Ile hela iliingia kwenye bati na unajua. Tukianza hesabu, tuanze na debe la asali ya Sikonge.

*Hamisi:* Uyoga kwa asali, wageni hawaondoki 😂

*Da Zuhura:* Salum usinitafute.

*Baba Mkubwa, 10:20 jioni:* Nimesoma yote. Uyoga tunaokula ni ule tunaoujua, wa kichuguuni, na hata huo bibi yenu alikuwa anauchambua mmoja mmoja. Huo ng'oeni leo kabla haujafungua kofia, fukieni mbali na watoto. Kaktasi asitupe mtu hata moja mpaka mama yenu arudi kutoka Dar. Na asali isitajwe humu tena.

*Rama:* Sawa Baba Mkubwa.

*Mwanaidi:* Sawa Baba Mkubwa.

*Da Zuhura, 11:05:* Shikamoo Baba Mkubwa. Nimeung'oa. Lakini kubadili udongo si kutupa, au?

*Da Zuhura, 1:30 usiku:* Baba Mkubwa?

*Salum:* Mchanga nitaleta. Mkokoteni analipa nani?

*Hamisi:* Jumamosi mimi niko Urambo. Nyundo ipo kwa Rama.

*Rama:* Haipo kwangu.

*Mjomba Kessy, 4:50 usiku:* Ndo nafungua simu. Posa ya nani?