Pedali ya breki ya Corolla 110 ingali laini baada ya kutoa upepo mara tatu

Mwenye Korola:

Habari zenu ndugu zangu. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, yenye diski mbele na dramu nyuma, isiyo na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukifunga breki). Mwezi uliopita, nikiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, nilihisi pedali ya breki ikishuka kuliko kawaida, na katika kona za mwisho nililazimika kuikanyaga mara mbili ndipo gari lishike. Kesho yake fundi alikuta kalipa (kifaa kinachobana padi kwenye diski) ya mbele kushoto imeganda, akanishauri nibadilishe zote mbili. Tulipata za mtumba zilizo katika hali nzuri, zikafungwa pamoja na padi mpya.

Tangu siku hiyo hali imekuwa mbaya zaidi. Pedali inabonyea kama godoro; nikiikanyaga haraka haraka mara tatu au nne inapanda na kukaza kidogo, lakini nikiiacha kwa muda inarudi kule kule. Upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki, umetolewa mara tatu, chupa mbili za mafuta ya breki zimekwisha, na kikopo cha mafuta hayo hakipungui hata kidogo. Sasa fundi anasema masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) imekufa na ni lazima ninunue nyingine. Sikatai kununua, ila ningependa kujua kama kuna namna ya kuthibitisha kabla sijatoa fedha.

Mzee wa Spana:

Ndugu yangu, namna ipo, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya mguu wako. Gari likiwa limezimwa mahali tambarare, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, kisha uendelee kuikanyaga na uwashe injini. Itashuka kidogo, hiyo ni kazi ya haidrovaki, kile kisaidizi kinachoongezea mguu wako nguvu, na isikutishe. Baada ya hapo, shikilia kwa nguvu ileile, si ya kupasua, kwa muda wa dakika moja. Ikizama polepole kuelekea sakafuni ilhali hakuna mahali panapovuja, basi mafuta yanapita pembeni ya raba ndani ya masta, na fundi wako atakuwa amesema kweli. Ikisimama palepale, hata kama inabonyea, masta haina kosa kubwa, na unachopambana nacho ni hewa au mpira wa kupitisha mafuta uliochoka unaotanuka unapokanyaga.

Inua pia zulia chini ya pedali na upapase pale fimbo inapoingia kwenye ukuta wa injini, kisha ukague maungio ya masta na haidrovaki. Masta huweza kuvuja kwa nyuma na kuingia ndani ya haidrovaki bila tone hata moja kuonekana chini ya gari, ingawa katika hali hiyo kikopo kingepungua, na wewe umesema hakipungui.

Kuhusu lile la Lushoto, nadhani lilikuwa jambo tofauti na hili la sasa. Kalipa iliyoganda husugua diski muda wote, na joto lake huingia kwenye mafuta. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza unyevu kwa miaka kadhaa kiwango hicho hushuka hadi kama 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana pedali ilishuka mteremkoni.

Dada wa Gereji:

Shikamoo Mzee wa Spana, nakubaliana nawe, ila mimi ningeanza na swali moja kwa mwenye gari: katika hizo kalipa ulizofungiwa, nipeli za kutolea upepo ziko juu au chini?

Nauliza kwa sababu tatizo lilianza siku kalipa zilipofungwa, si siku masta ilipoguswa. Kalipa ya kushoto na ya kulia hufanana kama pacha, na nyingi huingia upande usio wake bila kulazimishwa: boliti zinakaa, mpira unafika, padi zinaingia. Tofauti pekee ni kwamba nipeli, ambayo inapaswa kuwa sehemu ya juu kabisa, inaishia chini. Hewa hupanda juu. Mkitoa upepo kupitia tundu la chini, mafuta yatatoka safi bila povu, nyote wawili mtaridhika, na lile povu la hewa litabaki limekaa juu ya pistoni likiwangoja. Hata mkirudia mara ishirini, litakuwa hapo. Nimewahi kuliona gari lililobadilishiwa masta mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Mwenye Korola:

Dada, nimetoka sasa hivi kuchungulia kwa tochi ya simu kupitia katikati ya rimu. Nipeli zote mbili ziko chini! Nimefanya pia jaribio la Mzee wa Spana: pedali ilibonyea, lakini kwa dakika nzima haikuzama.

Dada wa Gereji:

Basi ahirisha masta. Zihamishe kalipa, kila moja irudi upande wake, na pale mpira unapofungwa kwa boliti yenye tundu weka washa mpya za shaba, kwa sababu zile za zamani zimeshabanwa na zinaweza kuvuja. Kisha toeni upepo upya, mkianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa gari lenye usukani kulia kama lako, kwa kawaida hilo ni la nyuma kushoto, likifuatiwa na nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Msiache kikopo kikauke katikati ya kazi, la sivyo mtaanza tena.

Mkazi wa Makorora:

Naomba niongeze mawili. La kwanza ni kuhusu huyo anayekaa ndani kukanyaga: wekeni kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Katika masta ya zaidi ya miaka 20, sehemu ya ndani ambayo raba haifiki katika matumizi ya kila siku huwa imejenga uchafu na kutu, na mkiisukuma raba mpaka huko itachanika. Watu wengi huwa na masta nzima asubuhi, na jioni baada ya kutoa upepo wana masta mbovu kweli, kisha wanaamini kwamba fundi alitabiri.

La pili ni dramu za nyuma. Viatu vya breki vikiwa mbali na dramu, silinda ndogo hulazimika kusafiri safari ndefu kabla ya kugusa, kwa hiyo pedali huanza chini na hupanda ukiirudia. Dalili hiyo hufanana sana na ya hewa. Fungueni dramu, muangalie kama silinda zina unyevu chini ya vifuniko vya raba, kisha mzungushe kile kijigurudumu chenye meno mpaka viatu vianze kukwaruza kidogo sana gurudumu linapozungushwa kwa mkono.

Mwenye Korola:

Ndugu zangu, narudisha majibu. Jumamosi tulibadilishana kalipa, fundi mwenyewe akicheka na kukubali. Mbele kushoto ilitema povu moja refu, kama soda iliyotikiswa, ikatulia. Kulia vivyo hivyo. Pedali ilikaza palepale, ingawa ilikuwa bado inaanza chini kidogo. Tulipofungua nyuma tulikuta viatu vimelala mbali na dramu, na silinda ya kulia ina unyevunyevu, hivyo tuliibadilisha, tukarekebisha viatu na kutoa upepo tena tukiwa na ubao chini ya pedali. Sasa inashika ikiwa bado juu, na masta ni ile ile ya zamani. Nimebakiwa na robo chupa ya DOT 3 niliyoifungua siku hiyo. Je, naweza kuihifadhi kwa ajili ya kuongezea?

Mzee wa Spana:

Marahaba Dada wa Gereji, na hongera kwa jicho lako. Mwenye Korola, hiyo robo usiihifadhi kwa muda mrefu, kwani huvuta unyevu wa hewa, na Tanga unyevu haujawahi kuadimika. Usiimwage juu ya bodi pia. Hula rangi kabla hujapata kitambaa.