Naomba ushauri: kalasinga wanaishi kando ya shamba letu

Habari zenu ndugu. Niko Trans Nzoia, si mbali na Hifadhi ya Taifa ya Saiwa. Kando ya kijito chetu kumebaki ukanda mwembamba wa miti ya asili, na humo wamo kalasinga wanne, wale kima wenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa (ndevu ndizo zilizowapa jina). Ni waoga ajabu. Wakikuona wanaganda kimya, huwezi kudhani kuna kitu mtini. Ila mahindi yakianza kukomaa, wanashuka.

Sasa kakangu anataka kufyeka ukanda wote apande mikaratusi, na jirani ameshatega waya. Wakifukuzwa hapa waende wapi, na pande zote ni mashamba? Aliyewahi kuwazuia bila mitego alifanyaje? Na kakangu nimwambie nini anisikie?