Je, kiini cha Amosi 5 ni Beer-sheba? Swali kuhusu mpangilio wa kioo katika Maandiko

Katekista, Kasese

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni katekista hapa Kasese, na kila Jumatano jioni naongoza kikundi cha kusoma Biblia kwa Kiswahili, kwa kuwa wenzangu wametoka Bwera, Bundibugyo na ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na lugha hii ndiyo inayotukutanisha sote. Miezi kadhaa iliyopita mwalimu mgeni alitufundisha kwamba waandishi wa Biblia walipenda kupanga maneno kwa namna ya kioo: jambo la kwanza hurudi mwishoni, la pili hurudi kabla ya mwisho, na kuendelea hivyo mpaka yakutane katikati. Akasisitiza kwamba lililo katikati ndilo ujumbe wenyewe. Mfano wake ulikuwa habari ya gharika, ambamo maji yanapanda kisha yanashuka, na katikati yake, Mwanzo 8:1, Mungu anamkumbuka Nuhu. Tulifurahi mno.

Wiki iliyopita tukafika Amosi 5:4-6, tukauona mpangilio huo huo waziwazi: kumtafuta Mungu na kuishi, Betheli, Gilgali, Beer-sheba, kisha Gilgali tena, Betheli tena, na mwisho kumtafuta Bwana na kuishi. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, basi ujumbe wa nabii ni Beer-sheba?" Sikuwa na jibu, na sipendi kumpa mtu mwenye njaa ya Neno maneno ya kupapasapapasa. Je, kanuni ile ina mipaka, au ni mimi sijaielewa?

Mwalimu mstaafu, Mukono

Katekista, kijana huyo amekusaidia, kwa maana ameligusa fundisho pale lilipo dhaifu. Mpangilio wenyewe upo, wala haukubuniwa na wahubiri wa siku hizi. Wasomi huuita kiasma, kwa jina la herufi ya Kigiriki yenye umbo la X, na tangu Robert Lowth alipochapisha mihadhara yake juu ya ushairi wa Kiebrania mwaka 1753, usambamba wa mistari, yaani mstari mmoja kuuitikia mwingine, umechunguzwa kwa makini sana. Linalobishaniwa ni hilo la kusema kwamba maana hukaa katikati siku zote. Mara nyingine hukaa huko. Mara nyingine uzito wote uko pembezoni, na katikati ni mahali pa kugeukia tu.

Soma maneno ya Amosi kama safari ya mahujaji. Betheli na Gilgali ni mahali pa ibada palipopendwa na watu wa kaskazini, lakini Beer-sheba iko mbali kusini, ndani ya Yuda, hata nabii akatumia neno la kuvuka. Orodha inakwenda hadi huko, inageuka, na kurudi kwa njia ile ile. Ila inaporudi, Gilgali inakwenda uhamishoni na Betheli inakuwa si kitu. Kumbukeni Gilgali ni mahali gani: ndipo Yoshua aliposimamisha mawe kumi na mawili baada ya Israeli kuvuka Yordani. Pale walipoingilia nchi ndipo panapotajwa kwa kutolewa kwao. Kwa Kiebrania hata sauti ya maneno inalibeba jambo hilo, *haggilgal galoh yigleh*, na mwenye kusikia hawezi kulikosa. Betheli nayo maana yake ni nyumba ya Mungu, na nabii anasema haitakuwa kitu. Kwa hiyo mwito wa kumtafuta Bwana umewekwa mwanzoni na mwishoni kwa makusudi, na uzima uko katika mwito huo. Humo ndani mahujaji wanazunguka kutoka hekalu hadi hekalu bila kuuona.

Ongezeni Mwanzo 9:6, mstari ambao binafsi naupenda kuliko mifano yote. Sehemu yake ya kwanza kwa Kiebrania ni maneno sita tu, matatu ya kwenda na matatu ya kurudi: mwagaji, damu, ya mtu, kwa mtu, damu yake, itamwagwa. Hapo hakuna neno la katikati kabisa. Umbo la sentensi ndilo hukumu, kwa kuwa lililotoka linarudi kwa kipimo kile kile. Ukitafsiri kwa mtiririko wa kawaida wa Kiswahili, ukasema "damu yake itamwagwa na mtu", maana ya sheria inabaki lakini kioo kinavunjika, na ndiyo maana inafaa kulinganisha tafsiri kadhaa kabla ya kuamua kwamba mpangilio haupo.

Mama mwinjilisti, Nakivale

Shikamoo, Mwalimu. Nahudumu katika makazi ya wakimbizi, na wazee wengi ninaowafundisha hawasomi, wanasikiliza. Mtu anayesikiliza huyashika maneno yanayorudi upesi kuliko sisi tunaofuata kwa kidole. Tulipofika Isaya 6:10 niliwaomba waguse kila kiungo kinapotajwa, nao wakagusa moyo, masikio, macho. Kisha macho, masikio, moyo. Bibi mmoja akasema, "Ugumu umeanzia moyoni ukatoka hadi machoni, basi uponyaji utaanzia machoni urudi hadi moyoni." Nikausoma mstari tena polepole, na kweli, baada ya moyo kufahamu ndipo linapokuja neno la kugeuka na kuponywa. Sikuwa nimewaambia lolote kuhusu kiasma.

Msomaji wa Biblia, Jinja

Nakubaliana na waliotangulia, nami naomba kuonya. Niliwahi kutumia miezi mingi nikichora kioo cha kitabu kizima cha Marko kwa kufuata namba za sura, mpaka nilipojifunza kwamba mgawanyo wa sura tulio nao ni wa karne ya 13, unaohusishwa na askofu mkuu Mwingereza Stephen Langton, na kwamba namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Nilikuwa nimechora kazi ya mikono yao, si ya Marko. Tangu hapo najiuliza jambo moja: je, yanayolingana ni maneno ya Maandiko yenyewe, au ni vichwa vya habari nilivyovitunga mimi?

Gharika inapita jaribio hilo, kwa kuwa hesabu za siku zimo ndani ya maandishi: 7, 7, 40, 150, kisha 150, 40, 7, 7. Msomi wa Agano la Kale Gordon Wenham alilieleza hilo mwaka 1978. Angalieni pia kwamba zile saba mbili za mwanzo ni siku zile zile zilizotajwa mara mbili, katika 7:4 na 7:10. Mwandishi alizirudia kwa kusudi.

Danieli inapita pia, na kwa njia ya pekee, kwa sababu kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7 lugha ni Kiaramu, kwa hiyo mipaka haikuchorwa na msomaji. Falme nne ziko katika sura ya 2 na ya 7, tanuru na tundu la simba katika 3 na 6, na wafalme wawili wenye kiburi katika 4 na 5. Nebukadreza ananyenyekezwa na kurudishwa. Belshaza anauawa usiku ule ule, baada ya Danieli kumwambia kwamba aliyajua hayo yote wala hakujinyenyekeza. Ukizisoma sura hizo mbili mbalimbali, ukali wa neno hilo unapungua sana.

Katekista, Kasese

Nawashukuru nyote, na shikamoo yangu kwa Mwalimu na kwa Mama. Jumatano nitamwomba kijana yule asome Amosi kwa sauti, na wengine watasikiliza bila kufungua kitabu. Leo asubuhi nimejaribu Mathayo 7:6 kwa jicho hili: mbwa, nguruwe, kukanyaga, kugeuka na kurarua. Kwa miaka mingi nimefundisha kwamba nguruwe ndio wanaorarua. Sasa naona nguruwe wanakanyaga lulu, na wanaorarua ni mbwa waliotajwa mwanzoni. Nitaanza kwa kuwasahihishia hilo.