Upanga wa kwanza: Ames 1860, kitara cha Waingereza 1796, au nianze na singe ya Gras?

KitaraMpya (Columbus, Ohio)
Wakuu salaam. Nimedunduliza miezi minane nikafikisha dola 700, na hii itakuwa silaha yangu ya kwanza ya kale. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Kwenye maonyesho ya Jumamosi iliyopita niliona vitu vitatu, na tangu hapo sijalala vizuri.

Cha kwanza ni kitara cha wapanda farasi wa Marekani, modeli 1860, kimetengenezwa na kiwanda cha Ames, kina ala yake ya chuma. Dola 650. Kinang'aa kama kioo. Cha pili ni kitara cha Waingereza cha 1796, kile cha wapanda farasi wepesi. Hakina ala, bapa limekuwa jeusi na lina vishimo vya kutu. Muuzaji anataka 700, hataki kushuka. Cha tatu ni singe ya Kifaransa ya bunduki ya Gras, modeli 1874, ina ala, dola 110 tu.

Moyo uko kwa Ames, kwa kuwa naishi nchi hii na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 navisoma kila siku. Ila nasikia bandia ni nyingi mno. Mngekuwa mimi mngechukua kipi?

MzeeWaAla (Birmingham)
Karibu kijana. Mimi nasema 1796 bila kusitasita. Kilibuniwa na John Gaspard Le Marchant, ofisa wa wapanda farasi aliyechukizwa na vitara vibovu walivyopewa askari wake. Alishirikiana na Henry Osborn, fundi wa hapahapa Birmingham ninapoishi. Bapa lina kama sentimita 83, limepinda vizuri, na upana wake unaongezeka kuelekea nchani. Kazi yake ilikuwa kukata tu. Waprusia walikiona kinavyofanya kazi wakakiiga katika modeli yao ya 1811. Kilipigana Uhispania, kikapigana Waterloo 1815.

Kishike mkononi utajua. Karibu na mpini chuma ni kinene, halafu kinakonda taratibu mpaka nchani unakaribia kuogopa kitapinda. Mfua chuma aliyeweza hivyo alijua kazi. Mifano mizuri ipo Royal Armouries kule Leeds, na kila nikienda husimama mbele ya kabati lile muda mrefu.

Swali langu moja: hivyo vishimo viko wapi? Vikiwa karibu na mpini, visamehe. Vikiwa kwenye theluthi ya mwisho, ambako chuma ni chembamba, bei ya 700 ni kubwa. Na angalia mgongo wa bapa, siyo ubavu. Mafundi wengi wa Birmingham, akina Osborn, Gill, Woolley na Dawes, waliandika majina yao pale mgongoni, karibu na kinga ya mkono. Wengi hawageuzi kuangalia.

Mchuma_Virginia
Mzee shikamoo, lakini kwenye Ames naomba nimsaidie huyu ndugu, maana huku ndiko tunakoumia.

KitaraMpya, usitazame mng'ao. Tazama shingo ya bapa, pale linapoingia kwenye kinga. Ames halisi upande mmoja ina mhuri wa kiwanda na mji wa Chicopee, Massachusetts. Upande wa pili ina US, mwaka, na herufi za jina la mkaguzi wa serikali. Herufi hizo zilipigwa kwa nyundo, moja moja au kwa pamoja, kwa hiyo zina kina na kingo kali. Ukipitisha kucha unazisikia. Kama kucha inateleza, ama ni bandia au kuna mtu amekisugua kwa mashine akala na historia yake.

Halafu pima unene. Vitara vingi vya kuigiza vilivyotengenezwa India vina bapa la unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama kipande cha bati nene. Tazama kichwa cha mpini: kwenye halisi, mkia wa bapa umepenya mpaka juu ukafuliwa ukawa kama kichwa cha ribiti. Ukiona nati, ondoka. Ukiona sehemu imebonyea kidogo shingoni, kama kitu kimesagwa, inawezekana palikuwa na neno INDIA.

Mpini wa halisi ni mti, juu yake ngozi, na waya wa shaba ya njano uliosokotwa umelala kwenye mifuo. Waya ukikatika au ngozi ikichanika, hilo ni jambo la kawaida kwa kitu cha miaka 160. Ngozi mpya kabisa inanitia wasiwasi kuliko ngozi iliyooza. Na Ames si peke yake. Ukikutana na cha Mansfield & Lamb au C. Roby usikidharau, ni vya vita vilevile na mara nyingi havigombaniwi sana.

Nyundo_Lille
Mimi nitasema jambo ambalo ninyi wakubwa hamlisemi: aanze na singe.

Nilianza na upanga wa ofisa wa Uingereza, wa miaka ya Malkia Victoria. Ulikuwa na kutu ya rangi ya kahawia, nikaona uchafu. Nikafunga brashi ya waya kwenye drili. Baada ya dakika kumi bapa lilikuwa jeupe, na taji pamoja na herufi VR zilizochorwa kwa tindikali zilikuwa zimetoweka. Zilikuwa zimekaa pale zaidi ya miaka mia na thelathini. Nilikaa chini karakana na upanga magotini, nikaona aibu mbele ya watu waliokufa zamani. Bado ninao, siuuzi.

Singe ya Gras ingenifundisha hayo kwa bei ndogo. Ina kila kitu cha kujifunzia: bapa jembamba la kama sentimita 52 lenye mgongo mpana mfano wa herufi T, kichwa cha shaba, mpini wa mti, kinga iliyokunjwa kama ndoana. Mgongoni ina maandishi ya mkono, jina la kiwanda, mwezi na mwaka: St. Étienne, Châtellerault, Tulle na kwingineko. Kisha namba. Ile ya kwenye kinga ilingane na ile ya kwenye ala.

Usafishaji: mafuta ya cherehani, kitambaa cha pamba, na subira. Kutu nyekundu inayotoka unga, iondoe kwa stiliwaya laini kabisa, ile ya 0000, yenye mafuta. Rangi nyeusi ya uzee iache. Shaba usiiguse.

Zuhura_Maskati
Naongezea kidogo. Huku Oman, na hata Unguja kwa wazee wetu, upanga ulikuwa unavishwa bapa lililotoka Ulaya, mara nyingi Solingen kule Ujerumani, na mpini wa kwetu. Hakuna aliyesema umeharibika, ni desturi. Lakini kwa silaha za jeshi la Ulaya na Marekani hesabu ni nyingine: ala ya kitara kimoja kwenye kitara kingine inashusha bei. Kwa hiyo kaka, uingize Ames kwenye ala na uutoe mara kadhaa. Ukikwama au ukicheza, uliza.

Juma_Manchester
Sheria huku Uingereza: tangu 2008 ni marufuku kuuza upanga uliopinda wenye bapa la sentimita 50 au zaidi, ila wa kale uliopita miaka 100 umeruhusiwa. Kwa hiyo umri wa kitu siyo mapenzi tu, ni kibali.

KitaraMpya
Nimerudi huko leo, na tochi na kipimo cha unene nilichoazima kwa jirani fundi magari.

Ames ni halisi. Bapa linakonda, kichwa cha mpini kimefuliwa, ala inaingia vizuri. Lakini kucha ilipita juu ya mwaka bila kukwama. 186, halafu kivuli. Mkaguzi hayupo kabisa. Nyundo, nilikukumbuka. Nimeuacha.

Cha 1796 vishimo viko nchani, Mzee, kama ulivyohofia. Ila nilipogeuza mgongo na kumulika, chini ya weusi niliona herufi tatu, O-R-N. Nikamwambia muuzaji 500. Amekataa, akachukua namba yangu ya simu.

Singe nimenunua. Mgongoni imeandikwa St. Étienne, 1878. Namba ya kinga naisoma vizuri, ya ala tarakimu ya pili sijui ni 1 au 7.

Nyundo_Lille
Zima taa ya chumba, weka tochi ubavuni, ilale kabisa na chuma. Kivuli kitakwambia. Usikwangue.

KitaraMpya
Ni 7. Zinalingana.