Sianotaipu: jelatini inabanduka kwenye kioo, na karatasi inapauka

Samawati
Wakuu, nachapa sianotaipu (picha za buluu za chumvi za chuma na mwanga wa jua). Natumia kioo cha dirisha cha mm 3, nakipaka jelatini asilimia 4 ili picha ishike. Nikianza kuosha picha tu, kingo zinajikunja na tabaka zima linatoka. Kioo kinaoshwa kwa sabuni ya vyombo. Kwenye karatasi ya rangi za maji hakuna kubanduka, ila buluu inapauka na nyingine inaondoka na maji. Nakosea wapi?

FundiKioo
Sabuni haitoshi, na utando wake ukibaki ndio unaoiharibu kazi. Kwaruza kingo kwa msasa wa maji, mm 2 kuingia ndani, maana maji hupenyea hapo. Changanya unga laini wa chaki na spiriti uwe kama uji, sugua kwa pamba, suuza. Simamisha kioo bombani: maji yakishuka kama shuka moja, kimetakata. Yakijigawa matone, bado kina mafuta, rudia.

Usimwage ile asilimia 4 moja kwa moja. Tangulia na tabaka jembamba: maji lita 1, jelatini g 5, shabu ya kromiamu (ile ya zambarau, inayokaza jelatini) g 0.5. Shabu iyeyushwe pembeni, iingie mwisho. Kausha kioo kikiwa wima usiku kucha. Jelatini ya pili, ile ya asilimia 4, iloweke maji baridi dakika 15, kisha iyeyushe kwa kuweka chombo chake ndani ya maji ya moto, nyuzi 45 hadi 50. Ikichemka, nguvu ya kuganda inapungua. Na maji ya kuoshea! Ya tangi la juu ya paa mchana yanaivimbisha jelatini, tia barafu.

Karatasi Kavu
Karatasi yako ina kalsiamu kaboneti (madini ya chaki), ambayo ni alikali, yaani kinyume cha asidi, na buluu hii haivumilii alikali. Dondoshea tone la asidi ya sulfamiki ya asilimia 10: likitoa povu, jibu ndilo hilo. Kabla ya kuipaka dawa ya picha, loweka karatasi kwenye asidi hiyo, ndani ya trei ya plastiki, mpaka vipovu vikome (dakika 20 hadi 30), suuza mara tatu nne, anika. Vaa glavu. Ndimu ya unga nayo hufanya kazi, lakini huacha sitrati ya kalsiamu kwenye nyuzi. Afadhali uitie kijiko kimoja kwenye maji ya kwanza ya kuoshea picha, hasa kama ni ya kisima cha pwani.

Samawati
Shabu nyeupe ya dukani haifai?

FundiKioo
Hiyo ni ya potasiamu. Inakaza, ila kwa udhaifu. Kwa kioo tafuta ya zambarau.