Datsun 1200 inazima ikipata moto, haiwaki mpaka ipoe. Nianzie wapi?

MadafuWaa
Salaam wakuu. Nina Datsun 1200 ya petroli, ile pikapu ndogo ya kabureta na distribyuta (kigawanya cheche) ya pointi, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme. Kazi yake ni kubeba madafu na ndizi kutoka Waa, kusini mwa Mombasa ng'ambo ya feri, kuleta soko la Kongowea. Asubuhi haina matata, naigusa tu imewaka. Shida ni ikishapata moto. Nikiwa kwenye foleni ya feri pale Likoni, jua limekaza, injini inanguruma taratibu, mara inakohoa na kuzima. Stata inazunguka kwa nguvu, betri haina neno, lakini injini haishiki. Nikiiacha nusu saa hivi inawaka kana kwamba haikuwa na lolote.

Wiki jana ilizimia ndani ya feri yenyewe. Tumefika ng'ambo, honi nyuma, wafanyakazi wa feri wanafoka, ikabidi vijana waisukume hadi juu ya mwinuko wa gati. Niliona haya wallahi.

Gereji moja mjini wameshanibadilishia plagi, filta ya petroli na koili (ile inayokuza umeme wa cheche), na sasa wanataka kuishusha kabureta. Maji hayapungui, geji ya joto haipandi. Kabla sijatoa pesa nyingine, naomba ushauri. Na tafadhali msiniambie niuze.

Kijana_Mtongwe
Uza.

SaidiSpea
Hiyo ni petroli mbaya kaka. Vituo vingine vinachanganya na mafuta ya taa. Badilisha kituo.

BintiTudor
@SaidiSpea ingekuwa mafuta ya taa, asubuhi injini ikiwa baridi ndiyo ingesumbua zaidi, na kwenye mlima ungeisikia ikigonga. Hapa ni kinyume chake, baridi inawaka vizuri. Mimi naona petroli inachemka kwenye mabomba kwa joto, pampu inabaki kuvuta mvuke. Pampu ya hizi gari imefungwa kwenye injini yenyewe na joto lote linaingia humo. Baba yangu alikuwa akifunga kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba, anamwagia maji, dakika chache anaondoka. Jaribu kaka, maji ni bure.

Mpita_Njia001
Si upitie barabara mpya ya Dongo Kundu tu, uachane na feri?

MadafuWaa
@Mpita_Njia001 nizunguke mpaka Miritini kisha nirudi Changamwe na mji mzima ndio nifike Kongowea? Petroli utaninunulia wewe?
@BintiTudor shukran dada, kitambaa nitajaribu.

MzeeSpana
Mwanangu, kitambaa usikitangulize. Ukimwagia maji ukangoja, gari ikawaka, hutajua ni maji au ni ule muda tu, kwa sababu yako inawaka yenyewe ikipoa. Utakuwa umejua nini?

Injini ya petroli inayozunguka bila kushika imekosa cheche au imekosa mafuta, ukishatoa mambo ya ndani kama mkandamizo wa hewa kwenye silinda, na hayo hayaji na kuondoka kila nusu saa. Wakati wa kutazama ni palepale ilipozima. Ikishapoa imeshaficha ugonjwa wake. Gereji zinakubadilishia vitu kwa sababu unapofika kwao gari ni nzima.

Kwa hivyo beba plagi moja ya akiba na koleo lenye mpira mkavu. Ikizima, fungua boneti. Kabureta ya Hitachi ya hiyo gari ina kioo kidogo ubavuni kwenye bakuli la petroli. Tazama, petroli inatakiwa ionekane katikati ya kioo. Ikiwepo, na usipoiona ikichemka, pampu na tangi waache kwanza.

Kisha chomoa ule waya mnene wa katikati ya distribyuta, uchomeke kwenye plagi ya akiba, chuma cha plagi kiguse injini, mtu apige stata. Cheche iwe ya buluu, unaisikia ikilia ta ta ta. Ikiwa ya rangi ya machungwa, nyembamba, au hakuna kabisa, ugonjwa uko kwenye koili, pointi au kondensa, kile kikopo kidogo kinacholinda pointi zisiungue. Na usifanye hivyo petroli ikiwa imemwagika mahali. Nimeona boneti zikiungua.

La mwisho, gusa koili, lakini kwa hadhari. Halafu uje utueleze.

Dereva_Jomvu
Mzee amesema kweli. Niongeze moja: kifuniko cha tangi. Kitundu chake cha hewa kikiziba, pampu inavuta mpaka tangi linakuwa halina pumzi, gari inazima. Ikizima fungua kifuniko usikilize kama kinafyonza hewa kwa sauti. Yangu ilinisumbua hivyo Mazeras, fundi akafungua kabureta bure.

MadafuWaa
Nimerudi. Leo imezima tena foleni ya Likoni, na kwa mara ya kwanza nilifurahi. Kifuniko cha tangi: hakikufyonza chochote. Kioo cha kabureta: petroli iko katikati, imetulia. Cheche: hakuna kabisa! Mara moja moja kitu kidogo chekundu hivi. Koili nimeigusa nikaondoa mkono mbio, ni moto kupita kiasi.

Lakini ami, koili si ni mpya? Gereji walisema ni ya Datsun hasa.

MzeeSpana
Huenda ni ya Datsun kweli. Tatizo ni koili hizi ziko za namna mbili. Moja inapewa volti 12 moja kwa moja, kati ya chanya na hasi ukipima na mita utapata karibu omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nyingine ina omu 1.5 hivi, na hiyo lazima itanguliwe na rezista, kile kipande cheupe cha kauri kinachofungwa karibu na koili, kupunguza umeme injini ikiwa inatembea. Ukiifunga hiyo ya pili bila rezista itawaka vizuri tu asubuhi, cheche nzuri ajabu, fundi anakabidhiwa pesa yake. Baada ya mwendo inakuwa tanuri.

Pima omu koili ikiwa imepoa, nyaya zimetolewa. Halafu tafuta kile cheupe kama kipo, au kama waya wake umeunganishwa moja kwa moja. Na nikuulize, mkiwa kwenye foleni, redio huwa inalia?

MadafuWaa
Nimepima: omu 1.6. Kile cheupe kipo, lakini nyaya zake zote mbili zimetolewa na kuungwa pamoja kwa tepu nyeusi. Redio ndiyo, inalia. Fundi wa redio aliiunga ili iwake swichi ikiwa "on". Kwani redio ina nini?

BintiTudor
Loo! Kumbe.

MzeeSpana
Ina mengi. Ukizima injini kwenye foleni ukarudisha swichi ili usikie taarab, distribyuta ikiwa imesimama pale pointi zilipogusana, umeme unapita kwenye koili bila kukatika. Volti 12 kwa omu 1.6 ni zaidi ya ampea 7, na feni haizunguki, upepo hakuna. Koili inajipika yenyewe huku umekaa. Redio iungwe kwenye waya wake kutoka kwa betri, wenye fyuzi.

Koili una njia mbili. Rudisha rezista, ukihakikisha haijakatika ndani, na ule waya unaoiruka rezista wakati wa stata tu, kuipa koili umeme kamili, uwe mahali pake. Au nunua koili ya omu 3 isiyohitaji rezista. Kwa kazi yako ya mzigo na joto la hapa, mimi ningerudisha rezista, cheche ya asubuhi huwa na nguvu zaidi kwa mpangilio huo. Hii yako iliyopikwa usiiamini tena.

SaidiSpea
Ukija dukani kuuliza koili nenda na mita yako kaka, pima mbele ya muuzaji. Maboksi yanafanana.

MadafuWaa
Nimefunga rezista na koili mpya ya omu 1.5, redio nimeihamisha. Nimevuka asubuhi na kurudi saa nane mchana, foleni ndefu, haikukohoa. Koili ina joto la kawaida, mkono unavumilia. Shukran sana ami, na nyote.

Swali moja: pointi nimezifungua nikakuta zimeungua, upande mmoja una kichuguu na mwingine shimo. Nizisugue kwa msasa?

MzeeSpana
Nunua mpya, zimebeba umeme mwingi kupita kiasi chake. Badilisha na kondensa hapohapo, kichuguu kama hicho mara nyingi ni kondensa nayo imechoka. Nafasi iwe milimita 0.5, na upake grisi kidogo sana kwenye kemu, ile shafti yenye pembe inayofungua pointi, ikizidi itarukia pointi. Ukishafunga, taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, ikaguliwe kwa taa ya taimingi, maana nafasi ya pointi ikibadilika na taimingi inahama nayo.